Karakana iliyojificha nyuma ya kitufe cha F12

JUMAMOSI ya juma lililopita nilikuwa mtaani Umoja, hapa jijini Nairobi, kwa dada yangu ambaye huoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa. Nilikuwa nimealikwa chai, lakini hata kabla sijavua koti nikang'amua kwamba sikuitiwa chai peke yake. Birika lilikuwepo, ndiyo, ila kando yake palikuwa na kompyuta imefunguliwa, na mpwa wangu, aliye mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ufundi, alikuwa ameketi mbele yake amenuna.

"Afadhali umekuja, kaka," dada akaanza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mtoto wako amenitengenezea tovuti. Watu wananiambia wameiona, lakini mwezi mzima hakuna hata mmoja aliyeagiza keki kupitia humo. Wengine wanalalamika inawamalizia bando. Sasa kuna fundi anataka shilingi 25,000 aivunje yote aijenge upya."

"Na anasema bila programu yake fulani ya bei ghali haiwezekani, mjomba," binti akadakia. "Eti hizi zangu za bure ni za watoto wa shule."

Shilingi 25,000 kwa mtu anayeuza keki si pesa za mchezo. Ni unga, mayai, siagi na gesi ya majuma kadhaa. Nikamwambia mpwa wangu anisogezee kompyuta, au tarakilishi kama walimu wa Kiswahili wanavyotaka tuiite, tuangalie kwanza mgonjwa anaumwa wapi kabla ya kumlipa daktari. Nikabonyeza kitufe kilichoandikwa F12, kile kilicho juu kabisa upande wa kulia wa baobonye. Skrini ikagawanyika mara mbili: keki upande mmoja, na upande wa pili safu za maandishi ya kutisha.

"Hiyo mimi huiogopa," akasema.

Wengi huiogopa. Lakini pale ndipo ilipo karakana, na haidai hata senti. Kivinjari, yaani ile programu unayoitumia kutembelea tovuti, iwe Firefox, Chrome au Edge, huja na vyombo hivi tumboni mwake tangu siku unayokiweka kwenye kompyuta. Katika kompyuta nyingine ndogo za kubebwa itakubidi ubonyeze Fn pamoja na F12. Wenye Safari ya Apple sharti kwanza waruhusu vyombo hivyo katika mipangilio. Na ukikosa njia zote hizo, bofya kitufe cha kulia cha kipanya popote kwenye ukurasa, kisha uchague neno "Inspect".

Hili si jambo geni katika historia ya mtandao. Tim Berners-Lee alipoandika kivinjari cha kwanza mwaka 1990 katika maabara ya CERN, karibu na mji wa Geneva, kilikuwa chombo cha kusomea na cha kuandikia pia. Anayesoma ndiye angeandika. Vivinjari vilivyofuata viliacha ule upande wa kuandika, lakini vikabakiza mlango mmoja mdogo: uwezo wa kutazama maandishi ambayo ukurasa umetengenezwa kwayo. Hadi leo katika Firefox na Chrome ukibonyeza Ctrl pamoja na U utayaona. Kizazi kizima cha watengenezaji wa tovuti kilijifunza kazi kwa mlango huo, kila mmoja akichungulia jungu la mwenzake kuona ametia viungo gani. Kisha mwaka 2006 Joe Hewitt akatoa nyongeza ya Firefox iitwayo Firebug, iliyomwezesha fundi kuugusa ukurasa ukiwa hai na kuona sehemu zake zikibadilika papo hapo. Vivinjari vyote vikubwa vikaja kujengewa vyombo vya namna ile ndani yao, na mwaka 2017 Firebug yenyewe ikastaafishwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imeshahamia nyumbani.

Basi turudi Umoja. Juu ya ile karakana kuna vichwa kadhaa. Nilimwambia binti abofye palipoandikwa "Network", atie alama kwenye kisanduku cha "Disable cache", halafu aufungue ukurasa upya. Orodha ikaanza kuteremka: kila picha, kila aina ya herufi, kila kipande kilichoitwa kutoka nje, na kando ya kila kimoja uzito wake. Chini kabisa ikaandikwa jumla. Megabaiti 38.

Mpwa wangu akashika mdomo. Mama yake akauliza, "Hizo ni nyingi?"

Hebu fikiria mteja aliye kwenye matatu akitoka kazini, amenunua bando ya megabaiti 50 za kutwa. Akifungua ukurasa wa keki mara moja tu, anabakiwa na 12. Hata picha za keki hajazimaliza, na jioni bado anataka kuongea na watoto wake kwa WhatsApp. Kwa nini asiufunge? Mimi ningeufunga.

Kwa nini basi mwenye kuutengeneza hakugundua? Kwa sababu mbili, na zote mbili ni mtego kwa kila mwanafunzi anayeanza kazi hii. Kwanza, ukurasa aliujengea kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambako picha hazisafiri popote. Zinatoka chumba kimoja kwenda kingine. Pili, hata alipoupakia kwenye seva na kuutazama kwa intaneti ya chuoni, kivinjari chake kilikuwa kimeshaweka akiba ya picha zote, hivyo kila alipourudia uliruka kama swara. Kile kisanduku cha "Disable cache" hukiambia kivinjari kisahau akiba hiyo, kijifanye mgeni ambaye ndiyo kwanza anabisha hodi.

Kuna na kitufe kingine hapo hapo ambacho nakipenda mno. Unaweza kukiamuru kivinjari kijifanye kiko kwenye laini dhaifu ya 3G, hata kama nyumbani mna intaneti ya kasi. Tulifanya hivyo. Maandishi yalikuja upesi kidogo. Keki ya kwanza ikaanza kujitokeza kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayevuta pazia. Dada akamimina chai. Tukanywa. Keki ya mwisho, ile ya ghorofa tatu anayojivunia kuliko zote, ilikamilika baada ya dakika karibu saba. Hakuna aliyesema neno.

Tulipoipanga orodha kwa uzito, wahalifu walijipanga wenyewe. Picha 9 za keki zilikuwa na megabaiti 29 kwa jumla. Kulikuwa na video fupi ya mama akipaka krimu, megabaiti 8, iliyojifungua yenyewe bila kuombwa. Iliyobaki, kama megabaiti moja hivi, ilikuwa aina nne za herufi za mapambo na msimbo mmoja wa JavaScript ambao binti alikuwa ameunakili mahali, wa kuangusha chembe nyeupe juu ya ukurasa.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Theluji, mjomba."

Theluji Umoja! Tuliifuta kwanza hiyo kabla ya kuendelea.

Kuhusu picha, binti alijitetea kwamba alikuwa amezipunguza. Kumbe alichofanya ni kuandika kwenye ukurasa kwamba kila picha ionyeshwe kwa upana wa nukta 300. Kosa hili nimeliona hata kwa watu wanaolipwa. Kuamuru picha ionekane ndogo si kuipunguza. Kivinjari bado kinaletewa picha nzima kama ilivyotoka kwenye kamera ya simu, yenye nukta 4,000 kwa 3,000, kisha ndipo kinaikunja. Ni kama kukunja godoro ili lipite mlangoni. Aliyelibeba mgongoni hajapunguziwa hata ratili.

Dawa yake ni kuipunguza picha yenyewe kabla ya kuipakia. Kwa hili zipo programu za bure zenye sifa. GIMP, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, ina nguvu nyingi lakini humchanganya mgeni kwa wingi wa vitufe vyake. Sisi tulitumia Squoosh, ambayo inafanya kazi ndani ya kivinjari. Unaiburuta picha humo, unaweka upana unaoutaka, kisha unavuta kijiti cha ubora huku picha ya zamani na mpya zikionekana ubavu kwa ubavu. Nilichokipenda ni kwamba kazi yote inafanyiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe; picha haitumwi kwa mtu yeyote. Tuliweka upana wa nukta 800, na picha ya megabaiti tatu na zaidi ikashuka hadi kilobaiti 80 hivi. Dada akavaa miwani, akainama, akatafuta tofauti kwenye maua ya sukari. Hakuiona.

Video tuliiondoa, tukaweka kiungo cha yeyote atakaye kuitazama kwa hiari yake. Herufi za mapambo zikabaki aina moja. Jumla mpya: kilobaiti 860. Kwenye ile laini ya kujifanya dhaifu, ukurasa wote ulifika kwa sekunde zisizotimia 12.

Ningeweza kuishia hapo nikaenda zangu, na dada angeshukuru. Lakini oda zake bado zisingekuja, kwa sababu ugonjwa mkubwa ulikuwa mwingine kabisa. Niliuona kwa bahati nilipokuwa nikiipitia ile orodha mara ya pili. Mstari mmoja ulikuwa mwekundu, na mbele yake namba 404.

Namba hiyo ni jibu la seva. Maana yake: ulichokiomba sikioni. Faili lililoombwa lilikuwa picha iitwayo simu.png. Nikamwuliza binti ni ya nini. Akasema ndicho kitufe cha kuagizia, ile alama ya simu ambayo mteja akiibofya inampeleka kwenye WhatsApp ya mama.

"Mbona kwangu kinaonekana?" akauliza, na kweli katika nakala iliyo kwenye kompyuta yake kilionekana vizuri, kikubwa na cha kijani kibichi. Lakini kwenye ukurasa ulio mtandaoni mahali pake palikuwa patupu.

Tulifungua folda yake. Faili lilikuwa limeandikwa Simu.PNG, kwa S kubwa na PNG kubwa. Kwenye kompyuta ya Windows, Simu na simu ni kitu kimoja, hivyo kila alipojaribu nyumbani kitufe kilitokea. Lakini seva nyingi za tovuti zinatumia Linux, na kwa Linux herufi kubwa na ndogo ni majina mawili tofauti, sawa na watoto wawili wa jirani. Ukurasa uliomba simu.png, seva ikatafuta, ikasema hayupo. Mwezi mzima wateja walifika mpaka mlangoni wakakosa kengele ya kubonyeza.

Tulibadilisha jina la faili. Sekunde kumi. Mpwa wangu alitaka kulia, nikamwambia asilie, kosa hili limewafika mafundi wenye ndevu. Ila nilimgombeza kwa jambo moja: hakuwa ameweka maneno ya akiba nyuma ya ile picha. Lugha ya HTML, ambayo kurasa huandikwa kwayo, ina mahali pa kuandika maneno yatakayotokea picha ikikosekana. Laiti angeandika hapo "Agiza keki kwa WhatsApp", maneno hayo yangeonekana na kubofyeka hata picha isipokuwepo. Isitoshe, maneno hayo ndiyo wanayosomewa watu wasioona, wanaotumia programu za kusoma skrini kwa sauti kama vile NVDA, ambayo nayo ni ya bure tangu ilipoanzishwa mwaka 2006. Binti hakuwa amewahi kufikiria kwamba mteja asiyeona anaweza kununua keki. Sasa amefikiria.

Ili kunasa makosa ya uandishi wa namna hii kabla hayajaleta hasara, W3C, shirika linalosimamia kanuni za mtandao, lina mahali pa bure pa kukagulia kurasa, validator.w3.org. Unaipa anwani yako, inakusomea makosa yako moja baada ya jingine bila huruma. Ule wa keki ulipata makosa 23. Mengi yalikuwa madogo, lakini picha zilizokosa maneno zilitajwa zote kwa safu.

Na ile programu ya bei ghali ya fundi je? Mpwa wangu aliandika ukurasa wake wote kwa Notepad++, ya bure, iliyoanza mwaka 2003, nyepesi kiasi cha kufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu. Akipata kompyuta yenye nguvu zaidi anaweza kuhamia Visual Studio Code, ambayo Microsoft ilianza kuitoa mwaka 2015 na hailipiwi pia. Fundi alikuwa amemwahidi nakala ya wizi ya hiyo yake ndani ya kifaa cha flash, kama zawadi. Nilimwambia aikatae. Nakala iliyovunjwa kufuli haijulikani aliyeivunja ameacha nini ndani, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo mama anayotumia kuingia kwenye akaunti ya benki.

Wakati chai ya pili ikimiminwa nikataka kumwonyesha dada mchezo mmoja. Katika karakana ile ile kuna kichwa kiitwacho "Inspector" kwenye Firefox, au "Elements" kwenye Chrome. Hapo unaweza kubofya neno lolote la ukurasa na kuliandika upya. Nikachukua keki ya shilingi 1,800, nikafuta tarakimu mbili, ikawa ya shilingi 18.

"Wewe!" dada akaruka. "Umeshusha bei bila kuniuliza? Watu wataanza kuja sasa hivi!"

Hakuna aliyeshusha bei. Ninachokibadilisha hapo ni nakala iliyo mbele yangu tu. Seva haina habari, na nikifungua ukurasa upya bei inarudi ilivyokuwa. Kwa mwanafunzi huu ni uwanja mzuri wa mazoezi. Unajaribu rangi, unaongeza nafasi, ukiharibu hakuna aliyeumia.

Lakini nilipomweleza hivyo dada alinyamaza kidogo, kisha akatuhadithia kisa cha jirani yake. Mwaka jana jirani huyo aliuza makochi. Mnunuzi, kijana mtanashati mwenye maneno matamu, alimwonyesha kwenye kompyuta yake ukurasa wa benki wenye jina la jirani, kiasi cha pesa na maneno kwamba malipo yamekamilika. Akampigia na picha ya skrini kama ushahidi. Makochi yakapakiwa kwenye gari. Pesa hazikufika hadi leo, na benki ilipoulizwa ilisema haijui malipo hayo.

"Kumbe ni hivi?" dada akauliza, akiitazama ile keki ya shilingi 18.

Sikuwepo, siwezi kuapa kwamba ndivyo alivyofanya. Lakini ningekuwa na nia mbaya, kazi hiyo ingenichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa, na sihitaji kuvunja kufuli ya benki yoyote. Kwa hivyo wazazi, wenye nyumba za kupanga, na walimu wanaoletewa matokeo ya mtihani kwenye picha: kilicho kwenye skrini ya mtu mwingine si risiti. Fungua akaunti yako mwenyewe, kwa simu yako mwenyewe, uangalie salio. Hali kadhalika ujumbe wa simu unaosema umetumiwa pesa. Angalia umetoka kwa nani, kisha angalia salio.

Wanafunzi nao wana mtego wao hapo hapo. Kuna kichwa kiitwacho "Console", mahali pa kuandikia amri. Matapeli huwaambia vijana kwamba wakibandika msimbo fulani hapo watafungua akaunti ya rafiki au watapata wafuasi wengi. Kumbe msimbo huo unafanya kazi kwa jina lako wewe uliyeingia, na kinachofunguliwa ni akaunti yako. Hatari hii ni ya kweli hata Facebook huandika onyo kubwa ukifungua sehemu hiyo ukiwa kwenye tovuti yao, na Firefox inakataa kubandikiwa mpaka kwanza uandike kwamba umeruhusu. Usibandike usichoweza kukisoma.

Kwa wale wasio na haja ya kutengeneza tovuti bali kuzitembelea tu, nina machache. La kwanza ni uBlock Origin, nyongeza ya bure aliyoianzisha Raymond Hill, inayozuia matangazo na vipande vya kumfuatilia msomaji. Fungua ile orodha ya "Network" kwenye tovuti iliyosheheni matangazo, utazame jumla, kisha uiwashe nyongeza hii na utazame tena. Utaona mwenyewe bando yako ilikuwa ikilipia nini. Kwenye Firefox inafanya kazi kikamilifu, na kwenye simu za Android pia Firefox inaikubali. Chrome ilianza kuiondoa mwaka 2024 baada ya kubadilisha kanuni zake za nyongeza, na watumiaji wake wameachiwa ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, mwenye uwezo pungufu. Nakiri hapa ninajikata tawi nililokalia, maana sisi wa magazeti twala kwa matangazo. Inawezekana kuiambia nyongeza hiyo iachilie tovuti unazozipenda, nami naziachilia zangu.

Msizikusanye nyongeza ovyo lakini. Nyingi hupewa ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua, ukiwemo wa benki. Mimi ninazo mbili. Kijana mmoja ninayemjua alikuwa nazo 19, na hakukumbuka nusu yake aliziweka lini.

La pili ni dirisha la siri, ambalo watu wengi hulielewa vibaya. Linafaa sana kwenye kompyuta ya cyber, maana ukilifunga halikumbuki ulikotembelea. Lakini halikufichi kwa chuo, kwa mwajiri wala kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Na la tatu, kwa wanafunzi wanaokuta ukurasa waliouhitaji umetoweka: hazina ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001 na Internet Archive ya San Francisco, huhifadhi nakala za zamani za tovuti. Bandika anwani iliyokufa, na mara nyingi utaikuta hai humo.

Najua wako wasomaji watakaosema, haya yote ni ya wenye kompyuta, sisi tuna simu. Ni kweli, kwenye simu hakuna F12. Lakini mwenye duka au chama chenye tovuti anaweza kuipima kwa simu yake kupitia PageSpeed Insights ya Google, pagespeed.web.dev: unaweka anwani, unasubiri kidogo, na miongoni mwa majibu utaambiwa vitu vilivyo vizito kuliko vingine. Na kwa mwenye bando ndogo, Opera Mini bado ni rafiki, kwa kuwa hupitisha kurasa kwenye seva zake zikakamuliwa kwanza kabla ya kuletwa kwako. Kwa sababu hiyo hiyo ya kupitia kwao, mimi situmii njia hiyo kwa mambo ya benki.

Niliondoka Umoja saa mbili usiku na kipande cha keki kwenye mfuko wa karatasi. Yule fundi alikuwa amepigiwa simu na kuambiwa ahsante, tutakuita. Jumatano dada akanipigia. Alikuwa amepata oda ya keki ya kilo tatu kupitia kwenye tovuti, ya ubatizo huko Donholm. Mteja alimwambia amekuwa akiutazama ukurasa ule tangu mwezi uliopita, ila hakujua abonyeze wapi.